Kamera Ipi Inaifaa Shule Yetu?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Bukima)



Nimeombwa nizungumze kwa muda wa nusu saa juu ya kuchagua kamera. Nashukuru kwa heshima hiyo, ingawa asili yake naijua. Kila tunapokutana mimi ndiye ninayeonekana na mfuko wa kamera begani, na Ndugu Katibu alipokosa mtu wa kusema baada ya chakula cha mchana akanitazama mimi. Basi nitasema. Lakini sitasema kwa kujifurahisha tu, kwa sababu leo alasiri mkutano huu utapiga kura juu ya fedha tulizochanga, na pendekezo la Kamati ni kwamba tuinunulie shule kamera moja kubwa, mpya, ya daraja la juu, itunzwe katika kabati la ofisi ya Mkuu wa Shule. Mimi napinga pendekezo hilo. Wajumbe wawili wa Kamati nilikaa nao dawati moja kidato cha pili, kwa hiyo naomba wanivumilie kama walivyonivumilia wakati ule.

Mtakumbuka kwamba mwaka huu tulitaka kutengeneza kitabu kidogo cha picha za shule. Tukatuma barua, tukapiga simu, tukaulizana. Zilipatikana picha tisa. Zote tisa zimefanana: wanafunzi wamepangwa safu tatu, walimu wameketi mbele, saa sita mchana, na mpiga picha ni yule wa kukodi kutoka Musoma mjini. Nyuso zetu ni nyeusi tii kwa sababu jua lilikuwa utosini. Katika picha hizo hakuna jiko letu la zamani. Hakuna njia ya kuteka maji ziwani. Hakuna mwalimu hata mmoja akiandika ubaoni, wala mwalo, wala mitumbwi, wala yule mama aliyetukopesha mihogo ya kuchemsha hadi mwisho wa muhula. Sote twaijua picha ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar, mwaka 1964. Mwalimu ni wa Butiama, jirani yetu hapo. Nani kati yetu anayo picha ya mwalo wa Bukima ya mwaka huohuo?

Nitawasimulia kosa langu mwenyewe, kwa kuwa ndilo linalonifanya nipinge. Mwaka 2017 nilikwisha weka akiba ya kutosha kununua kamera ya kawaida pamoja na lenzi yake. Mtumishi wa Serikali akipata akiba kama hiyo huitazama mara mbili. Mimi niliitazama mara kumi. Nilianza kusoma sifa za kamera hii na ile, na kila nilipokaribia kununua nilisikia kwamba iko nyingine bora zaidi, nikasema ngoja niongeze kidogo. Wakati huo baba yangu alikuwa hai. Kila jioni alikaa chini ya mkuyu kando ya mwalo, akishona nyavu na wazee wenzake wanne. Picha hiyo nilikuwa nimekwisha ipanga kichwani: mkuyu upande wa kushoto, wazee katikati, maji nyuma yao. Nilichokosa ni kamera iliyo bora. Mwezi Mei mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda kufikia kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1964. Ufukwe ule ulizama, mkuyu ukasimama majini miezi kadhaa, kisha ukaanguka. Baba alifariki mwaka uliofuata. Picha yake niliyo nayo ni ile ndogo ya kitambulisho, amevaa shati la kuazima na amekaza macho kama mtu aliyeshitakiwa.

Sasa nije kwenye kamera zenyewe.

Kamera tunayoizungumzia ni ile ya dijitali yenye kioo ndani, ambayo wauzaji huiita kwa herufi DSLR. Mwanga huingia kwa lenzi, hugonga kioo kilichowekwa mshazari, hupanda juu na kufika kwenye jicho lako. Ukibonyeza kitufe, kioo hunyanyuka, shata hufunguka, na mwanga huo huo huangukia kibamba kidogo kiitwacho sensa, ambacho kimechukua nafasi ya filamu. Faida yake ni kwamba unaona kile hasa ambacho lenzi inakiona, tena kwa macho yako, bila kutumia umeme. Kwa watu wa ziwani hili si jambo dogo. Jua la saa nane likipiga juu ya maji, kioo cha simu hugeuka kuwa kipande cha bati, huoni kitu. Lakini ukiweka jicho kwenye tundu la kamera ya kioo, unauona mtumbwi, kasia, na mtu aliyelishika.

Vijana, vitu hivi havikushuka kutoka mbinguni. Kamera ya kwanza ya dijitali iliundwa mwaka 1975 na mhandisi wa Kodak aitwaye Steven Sasson, nayo ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye mkanda wa kaseti. Mwaka 1991 Kodak hiyo hiyo ikauza kamera ya kwanza ya dijitali yenye kioo. Ilikuwa na megapikseli 1.3, na bei yake ilikuwa kama dola 20,000 za Marekani. Mwaka 2003 Canon ilitoa kamera iitwayo 300D kwa bei iliyo chini ya dola 1,000, na hapo ndipo watu wa mishahara kama mimi walipoanza kuota ndoto. Kisha, kuanzia mwaka 2018, Canon na Nikon zote mbili ziligeukia kamera kubwa zisizo na kioo, na tangu mwaka 2020 hazijatoa kamera mpya ya kioo. Wakubwa wa picha huko ng'ambo wanauza za zamani ili wanunue za kisasa. Matokeo yake ni kwamba kamera ambazo miaka kumi iliyopita zilikuwa za watu wenye magazeti na studio, leo zinauzwa kama mitumba kwa bei ambayo mwalimu anaweza kuilipa kwa miezi michache. Kamati haikuliangalia jambo hili. Bei waliyotuletea ni ya kitu kipya ndani ya boksi, na inameza fedha yote kabla hatujanunua lenzi hata moja.

Tuulize, basi, kamera hii itafanya kazi gani. Katika mazungumzo yetu yametajwa mambo mawili: picha za mandhari, yaani ziwa, mawe, vilima na mashamba, na picha za mitaani, yaani watu wakiwa katika shughuli zao, sokoni, mwaloni, stendi ya mabasi. Ni kazi mbili zinazovutana kama ng'ombe wawili waliofungwa nira moja na kila mmoja anataka njia yake.

Mandhari inataka subira. Hapa kwetu jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasoro asubuhi kufuatana na mwezi, na huzama saa kumi na mbili unusu jioni au saa moja na dakika chache. Kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, jua letu hushuka wima kama jiwe. Baada ya kuzama, nuru iliyobaki ni ya dakika ishirini hivi, kisha giza. Huko Ulaya mpiga picha hupata jioni ndefu ya kuchagua pa kusimama. Sisi tunapaswa kuwa tumekwisha simama. Kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri mimi kamera ya mandhari huiweka mfukoni, kwani vivuli huwa vifupi na vikali, na vilima vyote huonekana bapa kama chapati. Kwa kazi hii unahitaji lenzi pana, stendi ya miguu mitatu, na tundu la lenzi lililobanwa kiasi. Ile lenzi ya kawaida ya milimita 18 hadi 55 inayouzwa pamoja na kamera ndogo, ambayo watu huidharau, inatosha. Iweke kwenye milimita 18, bana tundu hadi f/8, lenga kitu kilicho kama mita mbili mbele yako, na kila kitu kuanzia jiwe lililo mita moja hadi upeo wa macho kitatoka safi. Hapo utakuwa umetumia akili yako badala ya fedha za Chama.

Stendi, hata hivyo, msiipunguzie bei. Yenye miguu kama mabua hutikiswa na upepo wa ziwa. Mimi huning'iniza mfuko wa mawe katikati yake. Ukiwa na stendi madhubuti unaweza kupiga hata taa za wavuvi wa dagaa usiku wa giza, wakati mwezi umekwisha, pale ziwa linapofanana na mji uliojengwa juu ya maji. Kosa la wanaoanza ni kuacha shata wazi nusu dakika nzima. Mitumbwi haitulii, kwa hiyo taa hugeuka nyuzinyuzi. Pandisha ISO hadi 1600, fungua tundu lote, jaribu sekunde tatu au nne. Punje kidogo zitaonekana kwenye picha, lakini taa zitabaki taa.

Mtaani mambo ni kinyume. Hapo hakuna stendi, wala hakuna anayekungoja. Kamera kubwa hunyamazisha watu. Ukiitoa katika soko la Mwigobero mwenye kusema husita, mwenye kucheka hujikaza, na mtoto hukimbia kumwita mama. Hapo kamera ndogo ndiyo kamera bora. Nikon D3500 pamoja na betri yake ina uzito wa gramu 415, pungufu ya mfuko wa nusu kilo wa sukari. Kamera zenye sensa kubwa, ile ya ukubwa wa filamu ya zamani wa milimita 36 kwa 24, zina mwili unaokaribia mara mbili ya huo, na lenzi zake hufuata. Mchana kutwa begani, tofauti hiyo utaijua jioni.

Lenzi ya mtaani ninayoipendekeza ni moja, isiyovuta wala kusogeza: milimita 35 yenye tundu la f/1.8 kwa Nikon ndogo, au ile bapa ya milimita 24 yenye tundu la f/2.8 kwa Canon ndogo. Usiku katika kibanda cha chipsi tundu kubwa ni mkombozi. Mchana kuna mbinu ya wazee wa kazi: kwa milimita 35, bana hadi f/8, lenga kwa mkono umbali wa mita nne, uache hapo. Kila kitu kuanzia mita mbili na nusu hadi nane hivi kitaonekana vizuri, na kamera haitapoteza muda kutafuta. Wewe kazi yako ni kutazama tu na kubonyeza.

Mbinu hiyo sikufundishwa darasani. Niliipata kwa sababu ya ujinga wangu, nanyi mtacheka. Nilipokata shauri mwishowe kununua, nilikwenda Kariakoo, nikachukua katika duka moja mwili wa Nikon D5100 wa mtumba. Nikaona pia lenzi nzuri ya milimita 50, f/1.8D, kwa bei ya kutupa. Nikamwuliza muuzaji, “Inaingia?” Akaijaribu mbele yangu. Ikaingia. Nikalipa nikaondoka na furaha zangu. Nilipofika kwenye nyumba ya wageni nikaona kamera hailengi; kila picha ni ukungu. Asubuhi nikarudi mbio, nimejiandaa kwa ugomvi. Yule kijana akanieleza kwa upole kwamba kamera za Nikon za jamii ya 3000 na 5000 hazina mota ya kulengea ndani ya mwili, na lenzi za zamani za jamii hiyo hazina mota ndani yao. Lenzi inaingia, kulenga ni jambo jingine, nami sikuliuliza. Kwa hiyo nililenga kwa mkono miezi minane. Msikose mahali nilipokosa: kwa miili hiyo midogo ya Nikon takeni lenzi zenye maandishi AF-S. Kwa Canon taabu hiyo hakuna, ila lenzi zenye maandishi EF-S hazifungi kwenye miili yenye sensa kubwa.

Naona mkono wa kijana kule nyuma, na swali lake nalijua: “Megapikseli ngapi?” Haya, tupige hesabu, mwalimu wa hisabati yupo atusahihishe. Ukurasa wa gazeti letu hili una ukubwa wa A4. Kuuchapa ukurasa mzima kwa nukta 300 kila inchi unahitaji nukta 3508 kwa 2480. Zidisha: hazifiki milioni tisa. Nikon D90 ya mwaka 2008 ilikuwa na megapikseli 12, kwa hiyo inaujaza ukurasa wetu na kubakiza. Kamera yenye megapikseli 24, nukta 6000 kwa 4000, inatoa picha ya inchi 20 kwa 13 ya kutundika ukumbini hapa. Zaidi ya hapo tutakuwa tunajaza tu diski. Swali hilo limekwisha.

Lililo kubwa zaidi, na ambalo halimo kwenye boksi, ni namna kamera inavyopima mwanga. Mashine hii hudhani kwamba dunia yote ni ya kijivu cha kati. Ukiielekeza kwenye dagaa walioanikwa, wanaong'aa kama fedha, itasema mwanga ni mwingi mno, ipunguze, na dagaa watatoka kama vumbi la jivu. Ukimweka mvuvi mbele ya ziwa linalometa, itaangalia ziwa na kumsahau yeye. Utapata kivuli chenye kofia. Picha zetu tisa zina kasoro ya ukoo huohuo. Dawa ipo kwenye kitufe chenye alama ya jumlisha na toa, ambacho kamera nyingi za kioo zinacho: ongeza hatua moja, au moja na nusu, uangalie uso, usilitazame anga. Na hifadhi picha kwa namna ya RAW, ambayo hutunza karibu kila ambacho sensa imekiona, ili baadaye uweze kuufufua uso uliozama gizani. Kijana akijua kitufe hicho atapiga picha nzuri ya bibi yake kwa kamera ya mwaka 2008. Asipokijua, hata ile ya Kamati haitamsaidia.

Wako watakaosema simu inatosha. Sitawabishia sana. Kwa picha ya mtaani, mchana, ya kumtumia ndugu, simu inatosha na mara nyingi inashinda, kwa kuwa iko mfukoni. Ila simu hukufanyia kila kitu, na shule ni mahali pa kujifunza kufanya. Zaidi ya hayo, picha za simu huzama pamoja na simu. Ulizeni ni wangapi hapa walipoteza picha za harusi kwa simu iliyoanguka ziwani.

Wengine wamenishauri tununue kamera mpya zisizo na kioo. Ni nzuri, ni kimya, na dunia imeelekea huko. Lakini zile zinazowezekana kwetu hutumia umeme kila dakika unapotazama. Canon M50, mathalani, imepimwa picha 235 kwa betri moja. Ile D3500 imepimwa picha 1,550. Mahali ambapo umeme unaweza kukatika ijumaa ukarudi jumapili, tofauti hiyo ni safari nzima ya kwenda Rukuba na kurudi.

Kuhusu kununua mtumba nitawapa desturi yangu kwa ufupi. Uliza kwanza shata imepiga mara ngapi, maana nyingi za daraja la kati zimetengenezwa kustahimili laki moja hadi laki moja na nusu. Iliyopiga elfu thelathini bado ni kijana. Bana tundu hadi f/16 upige picha ya anga tupu: madoa meusi ukiyaona, ni vumbi juu ya sensa, na vumbi husafishwa, lakini mkwaruzo hausafishwi. Washa tochi upande mmoja wa lenzi uchungulie upande wa pili. Ukiona kitu kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Iache hapo hapo, hata wakikupa bure, kwa sababu unyevu wa ziwa utailisha. Lenzi ibadilishwe ndani ya nyumba au ukiwa umegeuzia upepo mgongo. Vumbi la barabara zetu mnalijua.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ni gumu kuliko lenzi zote. Ni watu.

Mwaka 2018, katika miezi ya msako wa nyavu haramu, nilikuja likizo na kamera niliyoazima kwa rafiki. Alfajiri nikashuka mwaloni. Mwanga ulikuwa wa dhahabu, mitumbwi inaingia, nikaanza kupiga. Mara kukawa kimya. Mzee mmoja, rika la baba yangu, akaja akasimama mbele ya lenzi. Hakufoka. Aliniuliza, “Mwanangu, hizi unazipeleka wapi?” Nikasema ni zangu tu, Mzee, ni za kumbukumbu. Akasema, “Wewe si ni mtu wa Serikali?” Nikatazama picha niliyoipiga. Kweli, ndani yake zilionekana nyavu, zilionekana nyuso, na jina la mtumbwi lilisomeka ubavuni. Mimi niliona rangi. Yeye aliona ushahidi. Nilizifuta picha zote mbele yake, moja moja, akihesabu. Kisha akaniambia, “Haya, sasa nipige mimi nikiwa nimevaa shati.” Sikuwa nimemwamkia, ndugu zangu. Nilishuka kwenye mwalo wa wazazi wangu nikanyanyua kamera kabla sijasema shikamoo.

Tangu siku hiyo naamkia kwanza, nakaa, naeleza, ndipo naitoa. Utasema picha ya mtaani itakufa ukiomba ruhusa. Sehemu yake hufa, ni kweli. Ile ya kushtukiza huipati. Lakini watu wakikuzoea wanarudi kwenye kazi zao, nawe unapata kitu kingine ambacho mpita njia hapati. Mjini Zanzibar, studio ya Capital Art ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na ukitaka leo kuona watu wa Mji Mkongwe wa enzi hizo walivyovaa na kutembea, unakwenda kwenye picha zake. Alikuwa mtu wa pale pale, mwenye duka, mwenye kusalimiwa. Naye Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilitikisa dunia, alianza akiwa bado mwanafunzi Dar es Salaam kwa kamera ndogo ya Box Brownie. Haikutoka katika kabati la ofisi. Vijana wajue pia kwamba kambi za jeshi na sehemu nyingine za ulinzi hazipigwi picha kabisa, na kwamba tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi; picha ya mtu si mali yako tu kwa kuwa umeibonyeza wewe.

Ndugu Mwenyekiti, naona saa inanitazama. Pendekezo langu ni hili, na naomba Katibu aliandike kama nilivyolisema. Fedha ile ile inunue miili mitatu ya mtumba, yote ya kampuni moja ili lenzi na betri ziazimane. Inunue lenzi tatu za milimita 18 hadi 55, lenzi moja ya mtaani, stendi moja imara, betri sita na memori kadi za kutosha. Kamera zikae na klabu ya wanafunzi, chini ya mwalimu mlezi, kwa daftari la kuazima lenye sahihi, hata kwa siku za mapumziko. Moja itavunjika. Nasema mapema ili atakayeivunja asifukuzwe shule. Kila muhula picha thelathini zichapwe kwa karatasi, na nyuma ya kila moja paandikwe kwa kalamu ya risasi jina la mtu, mahali na tarehe. Nakala za dijitali ziwekwe kwenye diski mbili, moja hapa, nyingine kwa Katibu mjini. Picha tatu katika hizo thelathini apewe mwenye sura yake, bila malipo. Huyo ndiye atakayeitunza kuliko sisi sote.

Kama mkutano utalikataa pendekezo langu na kupitisha la Kamati, nitachanga fungu langu kama wengine. Lakini ile D5100 yangu iko hapa mezani, na sirudi nayo Musoma. Ina alama ya kuungua karibu na kitufe, msiiogope, ni kiberiti cha mtoto wangu. Lenzi iliyomo sasa inajilenga yenyewe. Wale wazee wanne waliokaa na baba chini ya mkuyu, wawili wamebaki, na nimezungumza nao jana. Wamekubali. Wanafunzi watano wa kidato cha tatu, mtakaochaguliwa na mwalimu wenu, tukutane mwaloni kesho saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla jua halijatoka. Njooni na masweta.